Laptopu ya Gemu ya Mwaka 2017: Ni Draiva Ipi ya Kadi ya Michoro Inayoifaa Sasa?

Habari zenu watazamaji, na karibuni katika uchambuzi wa leo. Hapa mezani ninayo laptopu ya gemu ya kizazi cha mwaka 2017, yenye prosesa ya Intel Core i7-7700HQ na kadi ya michoro ya NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti ambayo ina gigabaiti 4 za kumbukumbu yake yenyewe. Nembo iliyo kwenye mfuniko nimeifunika kwa makusudi, kwa kuwa miaka ile kampuni nyingi ziliunda mashine zenye viungo hivihivi ndani, na nitakayoyasema yanazihusu zote. Kitu ninachokichambua si mashine, bali ni draiva za kadi yake, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo: ipo inayotolewa na kampuni iliyounda laptopu, ipo inayoletwa na Windows yenyewe, na zipo zinazotolewa na NVIDIA, mpya na za zamani. Wengi huchukua iliyo mpya kuliko zote bila kufikiri zaidi, na kwa kompyuta ya mwaka huu sina neno nao. Kwa laptopu ya umri huu, hata hivyo, swali la kwanza liwe hili: chipu yako ni ya kizazi gani, na kizazi hicho kimefikia wapi katika ratiba ya mtengenezaji?

Chukueni hii iliyo mbele yangu. GTX 1050 Ti ni ya kizazi cha Pascal, kizazi ambacho, pamoja na Maxwell kilichokitangulia, kilihudumiwa kwa miaka mingi kuliko ilivyo kawaida katika biashara hii. Mwezi Julai 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba draiva ya mwisho ya Game Ready, aina inayotolewa kwa ajili ya gemu mpya, kwa vizazi hivyo viwili ingetoka Oktoba 2025, na kwamba baada ya hapo vitapewa masasisho ya usalama pekee, kila robo ya mwaka, hadi Oktoba 2028. Tawi la mwisho linalovibeba, yaani mfululizo wa matoleo ya draiva yenye msingi mmoja, ni lile la 580. Maana yake ni kwamba ukiona draiva ya 590 na kuendelea ikisifiwa kila mahali, haikuhusu, na programu ya kusakinisha ikikukatalia usidhani kwamba mashine yako imeharibika. Mwezi huohuo wa Oktoba 2025 ndio ulioshuhudia mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10, na prosesa ya i7-7700HQ haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Kwa hiyo mwenye laptopu hii amefikiwa na mambo mawili kwa mpigo, na inampasa kuyapanga pamoja: ajiandikishe kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika Oktoba 2026, kisha abaki kwenye tawi la 580 na kuchukua kila sasisho la usalama litakalotolewa ndani ya tawi hilo.

Draiva ya kampuni iliyounda laptopu ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba imejaribiwa na mashine hiyohiyo, pamoja na vitufe vyake vya kupunguza mwanga, tundu lake la HDMI na namna yake ya kulala na kuamka. Kasoro yake ni kwamba kwa mashine nyingi za umri huu ukurasa wa draiva uliachwa siku nyingi, na kilichobaki pale hakina marekebisho ya usalama yaliyokuja baadaye. Ushauri wangu ni kuipakua na kuihifadhi kwenye flashi kama akiba, lakini usiifanye draiva ya kila siku. Ile inayoletwa na Windows Update ni salama na inatosha kwa mtu wa kuandika barua na kutazama video, ila mara nyingi iko nyuma, tena ina tabia ya kuifuta uliyoichagua mwenyewe na kujiweka mahali pake.

Kabla sijaendelea na NVIDIA, nina neno kuhusu Intel, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Laptopu hizi zina chipu mbili za michoro. Katika mpango uitwao Optimus, skrini haikuunganishwa na NVIDIA hata kidogo. Imeunganishwa na chipu ndogo iliyo ndani ya prosesa, ambayo hapa ni Intel HD Graphics 630. NVIDIA anapika jikoni, lakini anayeandaa mezani ni Intel, kwa sababu kila picha inayokamilika hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya Intel kabla hujaiona. Ndiyo sababu skrini ikicheza au mwanga ukigoma kubadilika, mtu anaweza kubadilisha draiva za NVIDIA wiki nzima asione nafuu yoyote. Tangu Julai 2022 Intel iliweka chipu zake za kizazi cha 6 hadi cha 10 katika kundi la bidhaa za zamani zinazopata marekebisho muhimu na ya usalama tu, kwa hiyo draiva yake ya karibuni kwa HD 630 haitakuongezea kasi, lakini isakinishe, tena isakinishe kabla ya ile ya NVIDIA.

Sasa tuje kwenye NVIDIA yenyewe. Hadi Oktoba 2025 chipu hii ilipata aina mbili, Game Ready na Studio. Game Ready hutolewa sambamba na gemu mpya, ikiwa na marekebisho yaliyoandaliwa kwa ajili ya gemu hizo. Studio hutoka kwa nafasi zaidi na hupimwa kwa programu za kuhariri video na picha. Zote mbili zinaendesha gemu. Kwa kadi ya gigabaiti 4 isiyo na DLSS, ile teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza fremu kwa akili bandia, gemu nyingi zinazotajwa kwenye matangazo ya Game Ready ni zile ambazo mashine hii inazimudu kwa shida au haizimudu kabisa, na mwenye kucheza GTA V, eFootball na Counter-Strike 2 hana sababu ya kukimbilia kila toleo. Nilipohama kutoka toleo moja hadi jingine ndani ya tawi hilohilo sikuona tofauti ya fremu ambayo ningethubutu kuiita faida ya draiva. Kama mashine ni ya kuhariri video mchana na gemu jioni, kati ya hizo mbili ningechagua Studio. Na kwa mtu anayepakua kwa bando, kumbukeni kwamba faili moja la draiva hizi ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo kusasisha kila mwezi bila sababu ni gharama halisi.

Programu ya NVIDIA App, iliyochukua nafasi ya GeForce Experience mwezi Novemba 2024, si ya lazima. Mwezi uliofuata wapimaji waliripoti kwamba sehemu yake ya vichujio vya gemu na upigaji picha ilipunguza kasi katika baadhi ya gemu kwa hadi asilimia 15, hata pale ambapo mtumiaji hakuwa ameweka kichujio chochote, na NVIDIA ikawashauri watu waizime. Kwenye prosesa ya kori 4 mimi husakinisha draiva tupu na kuiacha programu hiyo.

Wenye laptopu za zamani zaidi ya hii wanahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu majina ya kadi za laptopu yanadanganya. GTX 860M ya mwaka 2014 iliuzwa katika sura mbili chini ya jina moja: moja ni Maxwell, nyingine ni Kepler, kizazi kilichoitangulia Maxwell. GeForce 920M ni Kepler, ilhali 920MX, iliyoongezwa herufi moja tu, ni Maxwell. Tofauti hiyo si ya wanahistoria, kwani Maxwell anafika hadi tawi la 580, lakini kwa laptopu za Kepler draiva ya mwisho ya Game Ready ni 425.31 ya Aprili 2019. Pakua programu ndogo ya GPU-Z, usome jina la chipu: likianza na GK ni Kepler, GM ni Maxwell, GP ni Pascal. Ukitaka kujua ni draiva gani uliyo nayo sasa, fungua Device Manager na usome tarakimu tano za mwisho za namba ya toleo, 25.21.14.2531 ni 425.31, na inayoishia na 5.8157 ni 581.57, ambayo ni ya tawi la 580.

Wenye Kepler watakutana na draiva zilizorekebishwa na watu binafsi ili zikubali chipu ambazo NVIDIA imeziacha. Nawaelewa wanaozitumia, na wengine hufanikiwa, lakini sizipendekezi. Kuzisakinisha hulazimu kuzima ukaguzi wa saini za draiva katika Windows, yaani alama za kidijitali zinazothibitisha aliyeitengeneza draiva, na baadhi ya mifumo ya kuzuia udanganyifu katika gemu za mtandaoni hukataa mashine iliyo katika hali hiyo. Isitoshe, mwaka 2022 wadukuzi walioingia NVIDIA walivujisha vyeti viwili vya kutia saini, na ingawa muda wa vyeti hivyo ulikwisha kupita, programu hasidi zilionekana zikiwa zimetiwa saini kwa vyeti hivyo. Draiva huingia katika kiini cha mfumo, kwa hiyo ipakueni kwenye tovuti ya NVIDIA au ya aliyeunda laptopu, basi.

Kuhusu usakinishaji, kama unahama kutoka tawi la mbali au skrini imekuwa ikizimika, safisha kwanza kwa programu ya Display Driver Uninstaller. Pakua draiva za Intel na NVIDIA mapema, kata intaneti ili Windows isiwahi kuleta yake, washa mashine katika hali salama (Safe Mode), safisha, kisha sakinisha Intel, uwashe upya, na umalizie na NVIDIA. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, hakikisha unao ufunguo wa kuirejesha kabla ya kuingia hali salama, kwa sababu unaweza kuombwa. Kwa sasisho la kawaida ndani ya tawi hilohilo, usafishaji huo hauna haja.

Wenye kadi za AMD, mshindani wa NVIDIA, siwasahau, ingawa habari yao ni fupi. Kadi za kizazi cha 1 hadi cha 3 cha GCN, muundo wa chipu za AMD, ziliondolewa kwenye mkondo mkuu mwaka 2021, na 21.5.2 ndiyo iliyokuwa draiva yao ya mwisho ya kawaida. Kwenye Linux hali yao ni bora zaidi, kwa sababu draiva yao ya chanzo huria imo ndani ya kiini cha mfumo. Mwenye Pascal kwenye Linux hubaki na tawi la 580 la NVIDIA, kwani ile huria ya Nouveau haiwezi kuipandisha chipu hiyo kwenye kasi yake kamili.

Uamuzi wangu kwa laptopu hii ni tawi la 580, toleo lake la usalama la karibuni zaidi, bila NVIDIA App, juu ya draiva ya Intel iliyo mpya. Na kama baada ya hayo gemu inaanza vizuri kisha inakwama baada ya dakika chache, acheni draiva zipumzike na mtazame joto la chipu. Mashine ya mwaka 2017 ambayo haijawahi kufunguliwa, kusafishwa feni na kupakwa upya krimu ya kupitisha joto itapunguza kasi yake yenyewe, hata uiwekee draiva gani.