Bad Day at Black Rock: mgeni asiyepewa hata maji

Nilipoichukua filamu hii katika duka moja la kuuza filamu pale Mwanjelwa, kijana muuzaji alinitahadharisha kwamba ni ya kale mno na kwamba ningeirudisha. Kweli niliirudisha, ila kwa sababu nyingine: nakala yake ilikuwa imekatwa kushoto na kulia ili ijaze kioo cha runinga, wakati John Sturges, aliyeiongoza mwaka 1955, aliipiga kwa umbo pana la CinemaScope, ambalo humfanya mtu mmoja mwenye suti nyeusi aonekane mdogo kama sisimizi katikati ya jangwa. Nakala ya pili ilikuwa nzima, nikaitazama pamoja na mama huku nikimfasiria.

Ni mwaka 1945, vita vimekwisha. Treni ambayo haijasimama Black Rock kwa miaka minne inasimama, na anashuka John Macreedy (Spencer Tracy), askari wa zamani ambaye mkono wake mmoja haufanyi kazi, akimuulizia mkulima wa Kijapani aitwaye Komoko. Sisi tuliokulia kando ya reli ya TAZARA tunajua jinsi abiria mmoja mgeni anavyotosha kugeuza shingo za kituo kizima. Lakini kwetu, baada ya macho hufuata salamu. Hapa salamu haiji. Hotelini anaambiwa vyumba vimejaa, ilhali ni dhahiri kwamba ni vitupu.

"Jamani, hata maji hawajampa," mama alisema, na hapo nikaona kwamba ameielewa filamu bila tafsiri yangu.

Tukio lililotukaza zaidi si la risasi. Macreedy ameketi mgahawani anakula, na Coley (Ernest Borgnine) anaigeuza chupa ya tomato sosi juu ya bakuli lake, polepole, akimtazama usoni. Mgeni anavumilia, anajaribu kuondoka, na anapoguswa tena anampiga kwa mkono ule mmoja. Mama alipiga makofi hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Bora zaidi ni Robert Ryan katika nafasi ya Reno Smith, mwenye mji, ambaye anatisha kwa kuwa anazungumza kwa upole na hoja zilizopangika, kama mtu anayekushauri kuhusu bei ya mahindi.

Inakwisha kwa dakika 81, nayo haina mzigo wa ziada. Mapungufu yapo: mwanamke ni mmoja tu, naye ameandikwa kwa haraka. Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni Komoko mwenyewe. Filamu nzima inamhusu yeye, shamba lake na kisima alichochimba mahali ambapo wenyeji waliamini hapana maji, lakini hatumwoni hata mara moja. Tunamjua kwa midomo ya watu wale wale waliomnyamazia kwa miaka minne.