Rimoti moja ya TV, sabufa na kompyuta: ninavyozipanga kuanzia ya kununua mpaka ya kuacha

Kabla hujatoa hela, kusanya rimoti zote za nyumbani uzilaze mezani, washa kamera ya simu, ile ya mbele, uielekeze kwenye pua ya rimoti moja moja huku unabonyeza kitufe chochote. Ukiona katobo ka mbele kanawaka zambarau, hiyo ni infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Usipoona kitu na betri ni nzima, basi kwa kawaida inaongea kwa blututhi, waifai au redio nyingine. Nasema kamera ya mbele kwa sababu ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachouzuia huo mwanga. Hizi dakika mbili ndo zinaamua kila kitu, maana watu wananunua rimoti nzuri kabisa halafu wanakuja kugundua Fire TV Stick, kile kidude cha Amazon cha kuchomeka kwenye TV, haina jicho la infraredi, na PS5 nayo hivyo hivyo, zinasikiliza blututhi. Apple TV, kile kiboksi cha Apple, yenyewe jicho inalo.

Pia jaribu cha bure kwanza. Ingia kwenye setingi za TV utafute HDMI-CEC, Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Ukiiwasha, rimoti ya TV inaweza kuongoza na sabufa na king'amuzi kilichochomekwa kwa HDMI na pengine usinunue kitu kabisa. Shida ni kompyuta, kadi nyingi za picha hazina CEC, isipokuwa kama unatumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hiyo inayo.

Namba 1: rimoti ya kujifunza yenye infraredi na blututhi

Mfano SofaBaton U2, unaiseti kwa programu ya simu. Neno la kulitafuta kwenye boksi ni kujifunza, achana na maandishi makubwa ya inaongoza vifaa vingapi. Kujifunza maana yake unazielekezanisha rimoti mbili pua kwa pua, kama sentimita tatu hivi, unabonyeza cha zamani na mpya inanakili. Na si teknolojia ya jana, Steve Wozniak wa Apple alishatoa rimoti ya namna hii mwaka 1987, kwa hiyo sioni kwa nini mtu anunue leo isiyojifunza. Ukinakili, gusa kitufe kifupi tu usikikandamize, na kama inakataa zima taa ya juu yako au sogea mbali na dirisha, mwanga wa jua unaichanganya sana. Rimoti nyingi mwanga wake unapigapiga kwa kasi ya 38 kHz, Sony 40, hizo hazina shida, ila kama una Bang & Olufsen ya infraredi uliza kwanza, wao wako 455 kHz na rimoti nyingi za kujifunza hazifiki huko.

Sasa hapa nikae kidogo. Wote tunatamani makro, kitufe kimoja kiwashe TV na sabufa na king'amuzi. Lakini kama kitufe cha pawa ni kilekile cha kuwasha na kuzima, na mtu alishaiwasha TV kwa mkono, makro yako itaizima TV na kuwasha sabufa, unakaa unabonyeza tena, inageuka, TV imewaka sabufa imezima, yaani hamfiki. Dawa yake ni amri mbili tofauti, ya kuwasha peke yake na ya kuzima peke yake. Vifaa vingi vinazielewa hata kama rimoti yake ya asili haina hivyo vitufe, kwa hiyo angalia kama rimoti unayonunua inazo kwenye hazina yake.

Namba 2: rimoti yoyote ya kujifunza + Flirc kwenye kompyuta

Kama kompyuta ndo moyo wa sebule yako, hii iweke namba moja, mi mwenyewe ndo naitumia. Flirc ni kidude cha USB, unakichomeka, unafungua programu yake, unachagua kibonyezo cha kibodi halafu unabonyeza kitufe cha rimoti unachotaka. Basi. Baada ya hapo kompyuta inadhani ni kibodi, iwe Windows, Mac au Linux, na kumbukumbu inabaki ndani ya kidude. Kwa Kodi, ile programu ya kuangalizia filamu na muziki kwenye kompyuta, unahitaji mishale minne, Enter, Backspace ya kurudi nyuma, X ya kusimamisha. Ujanja mmoja: iseti rimoti kwa namba za kampuni ambayo huna kifaa chake ndani, usipofanya hivyo kila ukipandisha menyu ya kompyuta na TV inabadili chaneli.

Namba 3: mausi ya hewani

Ina kidude chake cha USB, unaipunga mshale unatembea, na nyingi zina kibodi mgongoni. Kwa kuandika kwenye brauza haina mpinzani. Upande wa TV ndo dhaifu, kwa kawaida vitufe vya kujifunza ni vichache tu.

Namba 4: kituo cha waifai kama Broadlink RM4

Ni kiboksi kinachopokea amri ya simu kwa waifai halafu kinaituma kwenye vifaa. Mini ni infraredi tu, Pro inaongeza redio ya 433 MHz. Kinahitaji waifai ya 2.4 GHz. Kizuri kwa feni na eisii, ila kwa TV kunichosha kinanichosha, kila ukitaka kupunguza sauti ufungue simu, na mgeni afanyeje?

Namba 5: simu yenye infraredi, Xiaomi wanazo nyingi. Kama unayo itumie kwa dharura, usinunue simu kwa ajili hiyo.

Za kuacha: rimoti za kuingiza namba tu, zisizojifunza. Nilinunua moja boksi limeandikwa inakubali kila kitu, nikapitia kile kitabu cha namba jioni nzima, sabufa yangu haimo, na muuzaji akakataa kuipokea. Rimoti za Harmony za mitumba nazo fikiria mara mbili, zilikuwa bora kweli lakini Logitech waliacha kuzitengeneza 2021, na kuziseti kunategemea huduma yao ya mtandaoni.

Ukishapata yako, iseti vitufe viwili vitatu, toa betri, acha robo saa, rudisha. Ikiwa imesahau, irudishe dukani siku hiyohiyo.