Uzoefu wangu wa kumsoma Jessica Mitford, binti wa lordi aliyechunguza bei za majeneza

Mjomba wangu alipofariki hapa Marekani, mimi na binamu yangu tuliketishwa katika ofisi ya huduma za mazishi yenye zulia zito na boksi la tishu mezani, tukaonyeshwa majeneza, la ghali likitangulia, kisha tukatia saini mkataba ambao hakuna kati yetu aliyeusoma hadi mwisho. Rafiki aliyesikia mkasa huo alinihimiza nimsome mwandishi Jessica Mitford, nami nikanunua vitabu vyake viwili vilivyokwisha kutumika.

Nilianza na Hons and Rebels, kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1960. Mitford alizaliwa Uingereza mwaka 1917, binti wa Baron Redesdale, mmoja wa dada sita ambao wazazi wao hawakuona haja ya kuwapeleka watoto wa kike shule. Tangu utotoni aliweka fedha benki katika akaunti aliyoiita ya kutorokea, na akiwa na miaka 19 akatoroka kweli, akaelekea Hispania iliyokuwa vitani pamoja na Esmond Romilly, mpwa wa mke wa Winston Churchill. Sehemu ambayo sijaisahau ni ya sebule aliyogawana na dada yake Unity, aliyekuja kumshabikia Hitler: Unity akichora swastika, alama ya Wanazi, kwenye kioo cha dirisha kwa pete ya almasi, Jessica alichora nyundo na mundu, alama ya Wakomunisti.

The American Way of Death, cha mwaka 1963, ndicho kilichonikosesha usingizi. Mume wa kwanza wa Mitford, Romilly, alikufa vitani mwaka 1941, na mume wa pili, wakili Robert Treuhaft wa Oakland, aligundua kwamba mafao ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi waliofariki yaliishia karibu yote kwa wenye kampuni za mazishi. Mitford akasoma majarida ya biashara hiyo na kuwaacha wenyewe wajieleze: jinsi majeneza yanavyopangwa ili mfiwa aelekezwe kwenye la ghali zaidi, na hata viatu maalumu vya kumvalisha maiti. Ucheshi wake ni mkali kuliko hasira.

Sikukubaliana naye katika kila jambo. Anaikejeli mno kazi ya kutia maiti dawa, ilhali sisi tuliokuwa tukimsafirisha marehemu kwa ndege hadi Dar es Salaam tusingeweza kuikwepa. Tena bei za mwaka 1963 zimepitwa na wakati, kwa hiyo anayetaka kununua atafute toleo lililorekebishwa, lililotoka mwaka 1998, miaka miwili baada ya kifo chake.

Kitabu hicho kilichangia kuzaliwa kwa kanuni ya serikali ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1984, inayozitaka kampuni za mazishi zitaje bei hata kwa simu na kumpa mteja orodha ya bei za majeneza kabla ya kumwonyesha jeneza lolote. Sisi hatukupewa. Mwezi uliopita jirani yangu alipofiwa, nilipiga simu sehemu tatu nikiwa na kalamu mkononi, na katika ile ya tatu karani alisoma taratibu, akianza na jeneza la bei ya chini kabisa.