Miezi 11 ya kujifunza ufundi wa mashine za jimu hapa Dar: nilicholipia na nilichopata

Mwezi uliopita nimemaliza miezi 11 ya uanagenzi kwenye karakana moja ya mashine za mazoezi huku Kinondoni, na kwa kuwa kipindi natafuta pa kujifunzia sikupata hata mtu mmoja wa kuniambia kitu kinachoeleweka, naandika yote nilivyoyakuta. Jina la karakana silitaji maana kuna mazuri na kuna machungu, na hayo machungu nimeshamwambia mwenyewe uso kwa uso. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ingekuwa tano kama sio mambo mawili nitayasema huko chini.

Mimi ni mdada, nina cheti cha VETA cha umeme wa majumbani ngazi ya pili, na nilikuwa nimekaa nyumbani karibu mwaka mzima nasaidia duka la mama mdogo. Ada yao ni laki tatu na nusu, unalipa nusu siku ya kuanza na nusu baada ya miezi mitatu, halafu wao wanakupa buku tano ya nauli kila siku mnayotoka kwenda kwa wateja. Tuliongea kwa mdomo tu, hakuna karatasi. Lishikeni hilo.

Mwezi wa kwanza ni usafi mtupu. Kiukweli nilivunjika moyo, nilikuja na bisibisi zangu na mita yangu ya VETA nikapewa blowa na brashi ya rangi. Unafungua kava ya mota ya tredimili (mashine ya kukimbilia) unakuta vumbi jeusi limekaa kama blanketi, nywele, nyuzi za taulo, yaani kuna siku nilitoa hereni mbili na risiti ya mwendokasi. Mzee (fundi mkuu, sote tunamwita mzee) alikuwa anapita anaangalia halafu anauliza, "Binti, hilo vumbi limetoka wapi?" Nikijibu limetoka hewani anaondoka. Siku ya nne ndio nikaelewa anachotaka, lile jeusi sio vumbi la hewani tu, mengine ni mkanda wenyewe unasagika kwa chini, na ukiliona jingi upande mmoja ujue mkanda unavuta upande huo na unakwaruza. Tokea siku hiyo nikawa nasafisha huku nasoma mashine.

Na hiki ndicho kitu kikubwa cha hii sehemu, ndio maana nawapa nne japo nina machungu. Mzee hakuruhusu ubadilishe kifaa mpaka umwambie kwa nini kimekufa. Nitoe mfano. Kuna jimu moja ya Mbezi Beach walituita, tredimili imeunguza bodi ya mota (ile sakiti ya umeme inayoiendesha mota) kwa mara ya pili ndani ya miezi michache, fundi aliyekuja kabla yetu alikuwa anabadilisha bodi tu anachukua hela anaondoka, na bodi sio hela ya mboga. Mzee hakugusa bodi kabisa. Alichomoa umeme, akaingiza mkono chini ya mkanda, akanishika na mimi mkono akaniambia papasa. Pakavu kabisa na pamekwaruza kama msasa. Tulipofunga bodi ya majaribio tuliyokuja nayo akanipa klempu mita (mita ya kupima ampia bila kukata waya) niizungushie waya mmoja wa umeme, akamsimamisha kijana wa pale, mtu mzito kidogo, atembee polepole, mwendo wa chini kabisa. Ampia nane na kitu. Tukazima, tukalegeza mkanda, tukafuta ubao ulio chini yake, tukapaka silikoni, tukarudisha, yule yule kijana akatembea mwendo ule ule ikasoma nne. Hapo huhitaji kuambiwa kitu, mkanda ukikwama kwenye ubao mota inavuta umeme mwingi, umeme wote huo unapita kwenye bodi, bodi inachemka mpaka inakufa. Aliyeua bodi mbili ni ubao mkavu.

Na silikoni yenyewe ni silikoni tupu, sio oili ya injini, sio dawa ya kulegeza kutu, na jamani sio mafuta ya kupikia, maana nimekuta tredimili imepakwa mafuta ya kupikia, vumbi likaingia likawa ulimbo, mkanda haubanduki. Tena kuna mashine za kibiashara ambazo ubao wake umetoka kiwandani na nta, hizo ukizipaka silikoni unaziharibu, kwa hiyo unasoma kwanza kitabu cha mashine husika. Mzee alikuwa navyo vitabu vingi kwenye simu, Kiingereza vyote, sema hakuwa anakaa chini kutufafanulia, ilibidi nijisomee usiku.

Kunyoosha mkanda nako kulinichukua muda kuliko nilivyotegemea. Bolti mbili ziko nyuma, kulia na kushoto, unatumia alenki (ufunguo wa pembe sita). Mkanda ukikimbilia kulia unakaza ya kulia, robo mzunguko tu, halafu unasubiri. Kusubiri ndio kazi. Mimi nilikuwa nakaza robo naona haujasogea naongeza robo nyingine, ghafla umekimbilia kushoto, nageuza, na huku nishaukaza mkanda kupita kiasi na beringi za rola zinalia. Mzee akaniambia kaza robo kisha uhesabu hatua za mtu mia moja ndio uangalie. Nahesabu mpaka leo.

Makosa niliyofanya hawakunifokea, na hilo ni la kusifia maana wengine tumetoka kwenye karakana za mitaani ambako ukikosea unarushiwa spana. Pedali ya kushoto ya baiskeli ya spini inafunguka kinyume, nyuzi zake zimekatwa upande wa pili ili isijifungue yenyewe mtu akiwa anapiga pedali. Sikujua, niliivuta kwa nguvu kama ya kulia nikadhani kutu imeshika nikaongeza bomba kwenye spana, nikala nyuzi zote za mkono wa pedali. Kifaa kile nilikilipa nusu, nusu akalipa yeye, akasema kosa ni la wawili maana hakuniambia. Sijawahi kuona fundi anasema hivyo mbele ya wanafunzi.

Kwenye umeme walikuwa makini sana. Umeme wetu ni volti 230, ukishageuzwa ndani ya bodi kwenda mkondo wa moja kwa moja kapasita zinabeba kama volti 325, na zinabaki nazo hata ukishachomoa plagi. Pale sheria ni kuchomoa, kusubiri dakika kadhaa, halafu kupima kwa mita kabla kidole hakijagusa. Mtu akiruka hatua hiyo anapelekwa nyumbani siku hiyo, nauli hapati. Vilevile kuna hizi mashine mtumba za Marekani za volti 120, watu wanachomeka moja kwa moja moshi unatoka, wengine wananunua transfoma ndogo ya redio. Tulifundishwa kusoma kibandiko cha mashine kwanza, kupiga hesabu ya wati na kuacha nafasi ya ziada, na kwamba transfoma inashusha volti tu, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) zinabaki 50.

Ila kilichonibadilisha mimi ni kebo. Jimu moja karibu na bahari, zile sehemu ambazo upepo wa chumvi na jasho vinakula chuma mpaka bolti inavunjikia ndani, kulikuwa na mashine ya kuvutia mgongo, ile unakaa unashusha fimbo kifuani. Mzee akaniambia pitisha vidole kwenye kebo yote kwa kitambaa, taratibu, kuanzia kwenye mawe (vile vyuma vya uzito) mpaka kwenye fimbo. Nilifika mwisho kabisa, pale plastiki inapoingia kwenye kile kichuma kilichobanwa, kitambaa kikanasa. Nikakunja kidogo, plastiki ikafunguka kama mdomo, ndani nyuzi tatu za chuma zimeshakatika na zina kutu. Ukiwa umesimama mbali huoni kitu, kebo inang'aa vizuri tu. Mwenye jimu akasema tuzungushie tepu mpaka mwisho wa mwezi hela ikiingia. Mzee alimjibu kwa heshima, "Bosi wangu, kebo haiungwi na haifungwi tepu, hii inakatika mtu akiwa ameinua shingo anaiangalia." Akatoa pini ya mawe, akaichomoa kebo kabisa, akabandika karatasi isitumike, na ile kebo akaondoka nayo ili wasiirudishe. Hatukulipwa siku hiyo zaidi ya nauli. Kwenye daladala tunarudi hakusema neno, na mimi nilikuwa nafikiria kaka yangu anafanya mazoezi jimu gani na nani anapitisha kitambaa kule.

Kwa wadada wenzangu wanaotaka kujua, ndio, nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya sita, na hapakuwa na utani wa kijinga, mzee alikata mapema. Choo kimoja, kina kufuli, sawa. Kuinua vitu vizito mnainua wawili hata wanaume, tredimili kubwa ya biashara ni kilo 150 na zaidi, hakuna wa kuibeba kwa ubabe. Na kuna kazi ambazo mimi nilikuwa natakiwa mimi, jimu za wanawake tupu na zile zenye saa za akina mama, zamani walikuwa wanasubiri mpaka wateja watoke usiku ndio fundi aingie. Mara ya kwanza naingia peke yangu na begi, mama mmoja wa mapokezi akaniuliza, "Mwanangu, fundi mmemwacha wapi?" Nikamwambia ni mimi mama, shikamoo. Alinikaribisha chai kwanza. Nilitengeneza elipitiko yao (mashine ya kutembea huku unasukuma mikono) iliyokuwa inalia kwek kwek, ilikuwa bushi (kile kipete cha kwenye kiungo) imekauka na bolti moja imelegea, dakika arobaini nimemaliza, na akina mama wanaendelea na mazoezi pembeni bila wasiwasi wowote. Hilo soko lipo na mafundi wanawake ni wachache mno, nasema kwa uzito kabisa.

Sasa machungu.

La kwanza ni hela na karatasi. Tuliongea kwamba baada ya miezi sita naanza kulipwa asilimia ya kila kazi ninayofanya mwenyewe. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, nikiuliza naambiwa bado unajifunza, na huku wateja natumwa peke yangu na bili inaandikwa kamili. Nilianza kulipwa mwezi wa tisa. Nauli nayo ilikuwa inachelewa mpaka wiki mbili, mtu unatokea Chanika, daladala mbili, unakopa kwa jirani uende kazini kwa mtu. Mzee kama fundi namheshimu sana, lakini kwenye hili alituumiza na najua wenzangu wawili wazuri waliacha kwa sababu hiyo hiyo. Na cheti wanachotoa ni barua tu yenye muhuri. Kwa mwajiri mkubwa hiyo haitoshi, inabidi baadaye uende VETA kwenye utaratibu wao wa kupima na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, na mimi ndio najipanga kwa upande wa umeme.

La pili ni bodi. Kuna fundi wa elektroniki pale, mzuri mno, anafufua bodi ambazo wengine wanatupa. Katika ada tuliambiwa tutafundishwa na bodi. Huyu kaka kila akianza kuchomelea anageuza kiti anatupa mgongo, ukisogea anasema niletee maji, na kazi ngumu anabeba anaenda nazo nyumbani. Naelewa anaogopa kesho tutachukua ugali wake, lakini sisi tulilipa. Kwa miezi 11 nilichojifunza kwenye bodi ni kupima fyuzi, kuangalia kapasita iliyovimba, kubadilisha kaboni za mota, kusafisha ile sensa ndogo ya spidi na kuipanga karibu na sumaku yake, ambayo kwa kweli imenisaidia maana tredimili nyingi zinazoanza zikakimbia sekunde chache zikazima zenyewe shida ilikuwa ni sensa imesogea. Ila kuisoma bodi na kuitengeneza, hapana.

Na miwani ya kinga na glavu ununue mwenyewe, hawana. Nilinunua Kariakoo wiki ya pili baada ya vumbi la kutu kuniingia jichoni.

Kama unataka kujifunza hii kazi kwa mtu yeyote hapa mjini, nenda siku moja ukae tu uangalie kabla hujatoa hela. Angalia kama fundi anapima kabla ya kubadilisha. Angalia kebo za zamani wanazifanyia nini, ukiona zimeunganishwa na klipu zinarudi kwa wateja, ondoka.

Mimi wiki iliyopita nilirudi kwa mzee nikamwambia yote haya niliyoandika, nikamwambia nataka kujifunza bodi na nipo tayari kuja siku mbili kwa wiki kufanya kazi za nje kwa malipo ya kila kazi. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akamwita yule kaka wa bodi, tukaongea watatu, ilichukua saa nzima na haikuwa rahisi. Safari hii tumeandika. Siku, asilimia, nauli inalipwa jioni ile ile, na bodi moja kwa wiki nafungua mimi yeye anaangalia. Tumesaini wote watatu, nakala yangu iko kwenye begi pamoja na mita, naanza Jumatatu.