Diploma ya uuguzi ukiwa na miaka 38: uzoefu wangu

Nilijiunga na chuo cha uuguzi na ukunga nikiwa na miaka 38, watoto watatu, na duka la vifaa vya shule hapa Morogoro. Nimetoka na 41. Akina mama wenzangu hawaishi kuniuliza kama inalipa, kwa hiyo naandika mara moja yote niliyoyaona. Jina la chuo silitaji. Ni cha binafsi, kina usajili wa NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na mazuri na mabaya yake nadhani utayakuta kwenye vyuo vingi vya namna hiyo.

Kozi yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Jinsi ilivyopangiliwa kwa mtu mzima mwenye familia naipa mbili, na hapo nimekuwa mkarimu.

Jambo la kwanza, kabla hata hujanunua fomu: piga hesabu ya umri utakaotoka nao. Matangazo ya ajira za serikali yanataka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Diploma ni miaka mitatu. Ukiingia na 43 unatoka na 46, na mlango huo umeshafungwa. Zinabaki hospitali za binafsi na za mashirika ya dini. Na kwenye pensheni hesabu inabana vilevile. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni ya kila mwezi ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inataka michango isiyopungua miezi 180. Kutoka 45 mpaka 60 ni miezi 180 juu ya alama, huna hata mwezi wa kupoteza. Pale ofisi ya udahili hakuna aliyeligusia hili. Wao wanahesabu vichwa. Tulikuwa na wahudumu wa afya wawili waliokuja na ruhusa ya mwajiri, hao hawakuwa na presha yoyote maana tayari wako ndani. Sisi wa kutoka mtaani ndio wa kuangalia kalenda.

Sifa za kuingia si ngumu kama watu wanavyodhani. Cheti cha kidato cha nne hakiozi. Unahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na humo ndani Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo, D inatosha. Mimi Fizikia nilikuwa na F ya miaka hiyo, ikabidi nirudie kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwanangu alikuwa kidato cha tatu, tukawa tunagombania daftari moja la mazoezi pale mezani, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kuna faraja nyingine ambayo wengi hawaijui. Masomo yamepangwa kwa ngazi za NACTVET: mwaka wa kwanza ngazi ya 4, wa pili ya 5, wa tatu ya 6. Mambo yakikushinda baada ya mwaka wa pili unatoka na cheti cha uuguzi, hutoki mikono mitupu. Kwa mtu mwenye majukumu, kujua hilo kunakupa usingizi.

Sasa darasani. Kilichonitesa mwaka wa kwanza ni Kiingereza. Ukishakaa miaka ishirini ukiuza madaftari kwa Kiswahili, halafu ghafla anatomia yote, maswali yote na mitihani yote ni Kiingereza, unajiona umerudi la kwanza. Vijana waliotoka kidato cha sita juzi walikuwa wanateleza tu. Lakini tulipofika kwenye hesabu za dawa kibao kikageuka. Dripu ya lita moja iishe kwa saa 8, seti yake inatoa matone 20 kwa mililita: wenzangu wanatafuta simu, mimi nimeshasema matone 42 kwa dakika. Duka linafundisha. Tangu siku hiyo nikawa na kundi la watu wanaokuja kwangu kwa hesabu, na mimi nawaendea kwa Kiingereza, na hakuna aliyemdai mwenzake.

Macho nayo, jamani. Hakuna anayekuonya kuhusu macho. Kwenye bomba la sindano ya insulini, dawa ya kisukari, la mililita moja kila kistari kidogo ni yuniti 2. Kwenye lile dogo la nusu mililita ni yuniti 1. Vistari vyenyewe ni kama miguu ya sisimizi. Nilinunua miwani ya kusomea mapema nikaifunga kamba shingoni, na wenye umri wangu nawashauri wafanye hivyo kabla ya wodi, wasisubiri siku ya mtihani wa vitendo.

Maabara ya vitendo ndipo nilipoondoa nyota. Mdoli wa kuchomea sindano alikuwa mmoja kwa darasa zima, na mkono wake ulishatobolewa mpaka maji yanavuja ukiubonyeza. Ilitubidi tupimane presha sisi kwa sisi. Hilo kwa kweli lilitusaidia, kwa sababu mkono wa mtu una mapigo na mdoli hana.

Watu wanapenda kuuliza kuhusu heshima. Tutor wetu wa ukunga alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Wiki ya kwanza tulipokutana koridoni kila mmoja alimsubiri mwenzake: yeye mwalimu, mimi mkubwa. Mwisho akanipa shikamoo yangu, nikaitikia marahaba, na tulipoingia darasani nikasimama na wenzangu kumsalimia madam. Tukaishi hivyo miaka yote, koridoni mimi mama, darasani yeye madam, na mambo yakaenda. Wanafunzi wote waliniita mama, hata wale wenye ndevu nilioona wazi kwamba wamenipita umri. Tulipofundishwa historia, tukaambiwa Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alizaliwa 1820 na akaenda kujifunza uuguzi Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851. Kijana wa nyuma akatoa kichwani: "Thelathini na moja! Mama, umemzidi Nightingale!" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote.

Wodini ndiko umri unakokulipa. Mgonjwa hasomi beji yako, anasoma uso. Ndugu wakija na malalamiko wanakupita sista wa zamu, wanakuja kwako mwanafunzi kwa sababu unafanana na mkuu wa wodi. Unajifunza haraka kusema "ngoja nimwite sista." Wodi ya wanaume kulikuwa na mzee aliyekataa katakata kuogeshwa kitandani na mabinti wa darasa langu. Anavuta shuka mpaka kidevuni, haongei. Nilipokwenda mimi nikapiga goti kidogo, shikamoo baba, nikamweleza nitamfunika sehemu zote isipokuwa ile ninayoiosha, na nikageuza uso wakati wa kumbadilishia. Akasema tu, "Haya mwanangu." Mwenyewe nilimwona baba yangu pale. Mabinti wanafundishwa kitu hichohicho kwenye kitabu, kufunika na kulinda faragha, ila mzee yule alitaka asikie shikamoo kutoka kwa mtu mwenye watoto.

Leba, wodi ya kujifungulia, ni hivyohivyo. Binti wa miaka kumi na tisa, uzazi wake wa kwanza, ameshika chuma cha kitanda, uchungu umepanda, na katikati ya uchungu ananiambia "shikamoo mama." Nami nina patografu mkononi, ile fomu ya kufuatilia uchungu, kila nusu saa nasikiliza mapigo ya mtoto, nahakikisha yako kati ya 110 na 160 kwa dakika, naandika. Kuzaa watatu hakukufundishi kujaza patografu, wala usijidanganye hivyo. Kunachokusaidia ni kutotaharuki na kelele.

Yanayonitoa roho ni ratiba na bweni. Mwaka wa kwanza bweni lilikuwa la lazima. Nikapangiwa kitanda cha juu, mimi na magoti yangu, na getini saa kumi na mbili jioni natia sahihi kwa matroni ninayeweza kumzaa. Niliandika barua ya kuomba kukaa nyumbani ikazunguka ofisi hadi ofisi mpaka muhula ukaisha. Ukisikia chuo kinasema bweni ni la hiari, omba wakuandikie kwenye barua ya kujiunga. Ratiba za zamu zilikuwa zinabandikwa Jumapili usiku kwa ajili ya Jumatatu asubuhi. Kijana hilo halimsumbui. Mwenye mtoto wa chekechea anahitaji wiki nzima kupanga nani atamchukua shuleni, nani atafungua duka. Bila mama mkwe wangu kuhamia kwetu kipindi cha zamu za usiku ningeacha, nasema kweli.

Fedha: usiangalie ada peke yake. Kuna ada ya mitihani ya wizara, sare, viatu vya kufunika visivyo na kisigino, kifaa cha kupimia presha, stetoskopu, kitabu cha kumbukumbu za vitendo, nauli na chakula ukipelekwa vijijini kwa mazoezi ya afya ya jamii. Bima ya afya ya NHIF ya mwanafunzi wakati wangu ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mimi nilikuwa tayari kwenye kadi ya mume wangu kama mwenza, nikapeleka nakala ya kadi na sikuilipa. Chuo chenyewe hakikuniambia kwamba inawezekana, niliuliza. Mikopo ya serikali kwa diploma ilianza mwaka wa masomo 2023/24 na baadhi ya fani za afya zimo, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako kabla ya kuuza kiwanja.

Kuna watu watakuambia unaweza kusoma uuguzi jioni, au kwa miezi sita, au kwa simu ukiwa nyumbani. Usiwape hela. Bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga hufanyi kazi ya uuguzi nchi hii, na Baraza halisajili cheti cha namna hiyo. Kitafute chuo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, uone kama kozi ya uuguzi ipo kwa jina, maana vingine vimesajiliwa kwa kozi nyingine kabisa.

Ukikipata, nenda mwenyewe usiishie kupiga simu. Ulizia wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na leba yake ina wazazi wa kutosha au mtakuwa kumi mnamzunguka mama mmoja. Omba kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa tatu bila mwalimu kuwepo. Wakikuambia mkataba na hospitali "uko mbioni", chukua vyeti vyako uondoke.