Miche ya Matunda kwa Bustani ya Nyumbani: Ipi Uibebe, Ipi Uiache Kitaluni

Mtu akiingia kwenye kitalu cha miche, jicho huvutwa na majani. Mche mrefu, wa kijani cha kung'aa, labda na embe moja linaloning'inia, ndio huondoka kwanza. Lakini unachonunua hasa ni mizizi, na kwa miti mingi ya matunda ya nchi za joto, ni pale shina lilipounganishwa. Majani hupukutika yakaota mengine. Mizizi iliyojiviringisha ndani ya kiriba utakaa nayo maisha yote ya mti. Kwa hiyo nimeipanga miche kuanzia chini ya udongo kwenda juu, si kwa uzuri wa kuonekana.

Nafasi ya kwanza: mche mchanga uliobebeshwa

Kwa mwembe, mparachichi, mchungwa na jamaa zake, sioni cha kushindana nao. Shina la chini limeota kwa mbegu, na juu yake kimebebeshwa kikonyo, yaani kijitawi, kilichokatwa kwenye mti ambao matunda yake yanajulikana. Unajua utakachokula, na husubiri sana: mwembe wa namna hii huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, ilhali wa mbegu unaweza kufika mwaka wa 6 au kupita bila ua hata moja.

Parachichi ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi. Miti yote ya aina ya Hass duniani imetokana na mti mmoja tu, uliooteshwa kwa mbegu na Rudolph Hass huko California katika miaka ya 1920. Alitaka kuubebesha Fuerte, aina nyingine ya parachichi, vikonyo vikagoma kushika, akauacha ukue wenyewe. Mwaka 1935 alipata hataza yake, na mti mama ukaishi hadi 2002 ulipokufa kwa kuoza mizizi. Bahati kama ile haijirudii ovyo: ukipanda mbegu ya Hass uliyoila leo, litakaloota ni parachichi jingine, pengine zuri, pengine la nyuzinyuzi na kokwa kubwa, na utalijua baada ya miaka 7 au zaidi. Kama una nafasi ya miti miwili, chukua Hass na Fuerte. Maua ya Hass hufunguka yakiwa ya kike asubuhi, ya Fuerte mchana, kwa hiyo hupeana chavua na matunda hushika vizuri zaidi.

Sasa ukague. Chuchumaa, uangalie kiunganisho kabla ya kuangalia kingine chochote. Kiwe kimepona pande zote, na plastiki ya kufungia iwe imetolewa au imelegea. Ikiwa imekaba, shina litajikata hapo upepo ukija. Juu ya kiunganisho pawe na angalau mizunguko miwili ya majani yaliyochipua na kukomaa, ishara kwamba kikonyo kimeshika kweli na hakiishi kwa akiba yake. Kisha tafuta machipukizi yanayotoka chini ya kiunganisho. Moja au mawili unaweza kuyakata. Lakini nimeona miche ambayo kikonyo kimekufa na chipukizi la shina la chini ndilo lililobaki likistawi. Huo ni mche wa mbegu unaouzwa kwa bei ya mche uliobebeshwa.

Kwa machungwa, uliza pia shina la chini ni la mti gani. Mdanzi, yaani mchungwa mchungu, huvumilia kuoza kwa shina, lakini mchungwa uliobebeshwa juu yake huuawa na virusi vya tristeza, vilivyofuta mamilioni ya miti Amerika ya Kusini katika karne ya 20. Muuzaji asiyejua jibu anaweza kuwa mtu mwema, ila mimi nitanunua kwa mwenzake anayejua. Na kama majani ya mchungwa yana mabaka ya njano yasiyolingana upande wa kushoto na wa kulia wa mshipa wa kati, uache. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa ukijani wa michungwa, ambao hauna tiba.

Ya pili: tawi lililooteshwa mizizi likiwa mtini

Hapa gome la tawi huchunwa kulizunguka tawi, sehemu hiyo hufunikwa udongo wenye unyevu, na mizizi ikitoka tawi hukatwa. Mlichi, mndimu, mpera na mkomamanga hukubali sana njia hii. Huzaa mapema na tunda ni lilelile la mama. Kasoro yake ni kukosa mzizi mkuu, hivyo kwenye upepo mkali au ukame mrefu uwekee nguzo na matandazo. Bustani yako ikiwa wazi kwa upepo, ushushe hadi nafasi ya tatu.

Ya tatu: mche wa mbegu

Isipokuwa mpapai. Kwa mpapai, mbegu ndiyo ya kwanza, na ndani ya mwaka mmoja hivi utakuwa unakula. Tafuta mbegu za tunda la mti wenye maua ya jinsia mbili uliojichavusha wenyewe: hutoa miti ya jinsia mbili na ya kike, bila ya kiume. Panda mitatu kila shimo, maua yakitokea ubakize mmoja. Mpapai hauvumilii kuguswaguswa mizizi, kwa hiyo mche wa urefu wa shibiri unafaa kuliko wa magotini.

Ya nne: mti mkubwa wenye matunda tayari

Niliwahi kununua mwembe wa namna hii, ukiwa na maembe manne. Mwaka wa tatu ulikuwa bado na kimo kilekile. Nilipoufukua, mizizi ilikuwa imejifunga kama kamba kwa umbo la kiriba, na mzizi mkuu ulikuwa umepinda kurudi juu. Mche mdogo uliobebeshwa niliopanda jirani yake siku ileile ulikuwa umeupita. Ukilazimika kununua mkubwa, mwambie muuzaji afungue kiriba mbele yako.

Ya mwisho: mche wa mizizi mitupu

Mtofaa hung'olewa bila udongo ukiwa umelala, hauna majani, wakati wa baridi. Miti yetu ya joto hailali; majani hudai maji hata siku ya safari. Nisingeununua.

Mgomba una njia zake. Miche ya tishu hutoka maabara bila minyoo ya mizizi wala fukusi, ndiyo ninayoipendelea. Ukichukua chipukizi la jirani, liwe lile la majani membamba kama upanga, na lisitoke kwenye shamba lenye mnyauko hata kama mgomba husika unaonekana mzima.

Ukifika nyumbani usipande siku hiyo. Weka miche kivulini, iongezee jua kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, kisha pasua kiriba, nyoosha mizizi ya pembeni kwa vidole (ya mpapai usiiguse), na kiunganisho kibaki juu ya udongo. Maua ya mwaka wa kwanza yakate yote, isipokuwa ya mpapai na mgomba.