Chokaa ya NHL 3.5 kwenye nyumba kongwe ya shamba, Suffolk: uzoefu wangu

Nyota nne kwa msingi wa matofali, nyota mbili kwa kuta za udongo. Mfuko wa NHL 3.5 (natural hydraulic lime, chokaa inayogandishwa na maji) ni ule ule, ila mahali ni tofauti, na hilo muuzaji halisemi.

Nyumba yenyewe ni ya aina inayoonekana sana mashariki mwa Uingereza: kiunzi cha mwaloni cha karne ya 16, kimekaa juu ya msingi mfupi wa matofali na mawe ya gumegume. Kati ya nguzo kuna fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, nje lipu ya chokaa. Ukipanda darini unakuta makombamoyo meusi kwa masizi. Hiyo ni alama kwamba ukumbi ulikuwa wazi hadi paani, moto ukiwaka katikati ya sakafu, kabla bomba la moshi la matofali halijajengwa ndani yake. Masizi hayo yasisuguliwe kamwe, maana ndiyo cheti cha kuzaliwa cha nyumba.

Tatizo lilikuwa chini. Maungio ya matofali yaliwahi kuzibwa kwa saruji. Nyumba hizi hazikujengewa tabaka la kuzuia unyevu. Maji huingia ukutani na kutoka tena kupitia maungio ya chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali. Saruji ikifunga njia hiyo, maji hutokea kwenye uso wa tofali, yanaganda wakati wa baridi, na uso unabanduka kama magamba. Kibaya zaidi ni boriti ya chini, ile inayobeba nguzo zote: inaoza upande wa ndani wakati nje inaonekana nzima. Ichome kwa bisibisi kila nusu mita. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila kulazimishwa, usinunue chokaa kwanza, mwite seremala. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu: saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huleta balaa lile lile.

Sasa bidhaa. NHL ni chokaa ya unga inayoanza kugandishwa na maji, kwa sababu jiwe lake la asili lina silika au udongo ndani yake. Chokaa ya Pwani, inayochomwa kwa matumbawe, haifanyi hivyo. Hukazwa na hewa peke yake. Namba 3.5 ni nguvu ya chini kabisa ya kuhimili mgandamizo baada ya siku 28, kwa megapaskali. Kiwango cha Ulaya, EN 459, kinaruhusu NHL 3.5 ifike hadi 10, na NHL 2 inaweza kufika 7. Kwa hiyo mifuko miwili yenye namba moja inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Tena chokaa hii huendelea kukaza miezi mingi baada ya siku hizo 28. Mwombe muuzaji majibu ya vipimo vya kiwanda. Asipokuwa nayo, nenda kwa mwingine.

Uwiano niliotumia kwenye maungio ni chokaa 1 kwa mchanga 2.5, kwa ujazo na si kwa uzito. Pima kwa ndoo, si kwa koleo: koleo la mchanga mbichi na koleo la unga havilingani. Mfuko wa kilo 25 hutoa takriban lita 35 hadi 40, hivyo unakula ndoo tisa au kumi za lita 10 za mchanga. Mchanga uwe wa chembe mchanganyiko, kubwa na ndogo, uliooshwa. Ule laini wa kujengea tofali ukiuweka hapa utapata nyufa ndani ya siku mbili, na watu watailaumu chokaa bure. Changanya kavu kwanza, tia maji kidogo kidogo, iache mashine izunguke dakika 20. Mwanzoni huonekana kavu mno. Vumilia, italainika bila kuongezewa maji.

Saruji ya zamani itolewe kwa nyundo na tindo nyembamba. Grainda inakata kingo za tofali, na kingo zikishakatwa hazirudi. Chimba kina cha mara mbili ya upana wa ungio, kisipungue milimita 20. Osha vumbi, lowesha ukuta, kisha sindilia kwa mwiko mwembamba. Mchanganyiko ukifika hali ya kutobonyea kwa kidole gumba, ugongegonge kwa brashi ngumu. Hapo nyufa ndogo hufunga na uso unabaki na chembe za mchanga. Wengi hulainisha kwa mwiko hadi ing'ae, na hapo wanaharibu.

Baada ya hapo ndipo kazi hasa: magunia mabichi yaning'inie mbele ya ukuta wiki nzima, yanyunyiziwe maji. Ikikauka haraka inabaki unga mweupe unaofutika kwa kidole. Usifanye kazi chini ya nyuzi 5, na hesabu majira: nilimaliza kabla ya Septemba kuisha ili baridi kali isiikute changa. Vaa miwani na glavu, chokaa hula ngozi.

Kwenye kuta za udongo nilijaribu eneo dogo na nikajuta. Mbao hupumua na kutikisika, fito nazo zinacheza kidogo. Lipu ya NHL ni ngumu mno kufuata mwendo huo, ikaachia pembeni mwa nguzo. Hapo weka chokaa ya kulowekwa, ile nzito kama siagi iuzwayo kwenye ndoo, iliyochanganywa na manywele ya mnyama, matabaka membamba ya milimita 8 hadi 10. Juu yake chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono.

Jambo la ofisini lisikupite. Nyumba kama hii kwa kawaida imeorodheshwa kama jengo la urithi, daraja la II, na chini ya sheria ya 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa kubadilisha sura yake bila kibali ni kosa la jinai, hata kama unaiboresha. Muulize afisa wa urithi wa halmashauri kabla ya kugusa tindo. SPAB, chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa 1877 na William Morris na wenzake, kinatoa ushauri wa kiufundi kwa simu bila malipo.

Mfuko uliofunguliwa usiuweke hadi mwaka unaofuata: unavuta unyevu na kupoteza nguvu.